Propela Imekwama: Kufufua na Kutunza Injini ya Mipigo Minne ya Ndege ya Mfano

Msomaji wa Nkuhungu, Dodoma, anauliza: "Mjomba amenipa ndege yake ya mfano yenye injini ya mipigo minne, O.S. FS-70 Surpass. Imekaa kabatini miaka minne. Propela haizunguki hata kidogo na injini nzima imekuwa ya kahawia. Fundi pikipiki mmoja kaniambia niichemshe kwa kostiki soda, mwingine kasema niiloweke kwenye petroli. Nianzie wapi? Na ikipona, niitunzeje na vumbi la huku kwetu?"

Achana na mashauri yote mawili. Kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, inakula alumini. Karibu injini yako yote ni alumini, kwa hiyo ukiitumbukiza humo itatoa mapovu na joto, na utakachokitoa kitakuwa na mashimo mashimo kisichofaa tena. Dawa nyingi za kusafishia oveni nazo zina kostiki ndani, hivyo soma kopo kabla ya kupulizia. Petroli haiharibu chuma, ila haitakusaidia. Uchafu ule wa kahawia ni mafuta ya nyonyo yaliyoungua na kugeuka kama vanishi, na mafuta ya nyonyo hayayeyuki vizuri kwenye petroli hata yakiwa mabichi. Yakishaungua ndiyo kabisa.

La tatu hukuuliza, lakini ndilo linaloua injini nyingi: usishike propela na kuilazimisha. Ndani kuna ringi moja nyembamba inayovunjika upesi, na kuna valvu mbili ambazo mojawapo ikiwa imeganda ikiwa wazi, pistoni inaweza kuigonga ikipanda na kuipinda. Kukwama kunaweza kuwa kwa gundi ya mafuta, na hilo linatibika kwa saa chache. Kunaweza pia kuwa kwa kutu ya beringi, na hapo kuna kazi ya kufungua. Lazima ujue ni lipi kabla ya kutumia nguvu.

Anza hivi. Safisha nje kwanza kwa mswaki na spiriti, hasa kuzunguka hita plagi, ile plagi ndogo yenye waya unaowaka na kuwasha fueli, ili vumbi lisidondoke ndani ya silinda utakapoifungua. Fungua hita plagi kwa spana namba 8. Fungua na vifuniko vya roka, vile vimkono vidogo vinavyosukuma valvu, juu ya kichwa cha injini. Tumia bomba la sindano kutia kama mililita 1 ya mafuta mepesi kwenye tundu la plagi, na mililita 2 kwenye kichuchu cha pumzi, kile kibomba kidogo kinachotoka kwenye krankikesi, yaani mwili wa injini unaobeba shafti kuu. Mafuta ya cherehani yanafaa, na ATF, mafuta ya giaboksi ya otomatiki yanayouzwa kila duka la vipuri, yanafaa zaidi. Acha usiku mzima. Asubuhi, hakikisha hakuna tone la fueli kwenye tangi wala kwenye mipira, halafu ipashe injini moto kwa draya ya saluni hadi usiweze kuigusa kwa kidole. Sasa jaribu propela kwa upole, nusu inchi mbele, nusu inchi nyuma. Kama ni gundi ya nyonyo, utahisi inaachia polepole, nzito lakini laini. Ukihisi mkwaruzo kama mchanga, au inasogea kidogo na kugota mahali pamoja kila mara, simama. Hiyo ni kutu, au kuna kitu kimevunjika.

Ikiachia, izungushe polepole huku ukitazama roka. Kila valvu ishuke na kurudi yenyewe kwa nguvu ya springi yake. Inayobaki chini imeganda kwenye njia yake: itilie mafuta kwenye mguu, ipashe moto, na isukume taratibu kwa kidole hadi irudi yenyewe.

Kabla ya kwenda mbele, elewa kutu inatoka wapi, kwa sababu matunzo yote yamejengwa juu ya jambo hilo. Fueli ya injini hizi ni methanoli, iliyochanganywa na nitromethani na mafuta ya kulainisha. Methanoli ikiungua inatoa maji mengi kuliko watu wanavyofikiri: kila gramu 32 za methanoli zikiungua kikamilifu zinatoa gramu 36 za maji. Sehemu ya mvuke huo hupenya pembeni ya ringi na kuingia krankikesi, pamoja na methanoli ambayo haikuungua na tindikali kidogo, ikiwamo ya fomiki inayotokana na methanoli iliyoungua nusunusu. Nitromethani nayo inaongeza tindikali yake. Injini ikipoa, mvuke unageuka kuwa matone, na matone yanakaa juu ya vyuma pekee vilivyomo humo: beringi, krankishafti (shafti kuu inayozungusha propela), kamshafti (shafti inayofungua valvu) na tapeti zake, vile vipande vinavyosukumwa na kamshafti.

Injini ya mipigo miwili haiteseki kiasi hicho, kwa kuwa fueli mpya yenye mafuta hupita krankikesi kila mzunguko na kuiosha. Ya mipigo minne haina utaratibu huo, wala haina sampu, yaani hodhi la mafuta la chini, kama ya gari. Beringi zake zinalainishwa na masalia tu yanayopenya pembeni ya ringi, na masalia hayohayo ndiyo yanayobeba maji. Ndiyo maana injini inaweza kung'aa nje kama mpya na beringi ya nyuma ikawa imeshaliwa. Ya kwako inaweza kuwa kinyume chake: kahawia nje, nzima ndani. Mafuta ya nyonyo yana sifa ya kushikamana na chuma na kukikinga, kwa hiyo rangi ile isikutie hofu.

Kama inazunguka laini baada ya kulowekwa na ina kompresheni nzuri, yaani pistoni inabana hewa bila kuvuja, usiifungue ndani. Injini nyingi zimeharibiwa na mikono iliyozifungua bila sababu. Pima kompresheni hivi: rudisha plagi, zungusha propela kinyume cha mshale wa saa ukiwa umeitazama kwa mbele, na usikie pale inapokuwa ngumu. Ishikilie hapohapo uisikilize. Mlio wa hewa kwenye ekzosi ni valvu ya ekzosi inayovuja, mlio kwenye kabureta ni valvu ya kuingizia, na hewa ikitoka kwenye kichuchu cha pumzi, inapita kwenye ringi. Uvujaji mdogo wa valvu mara nyingi huisha wenyewe ikishafanya kazi tangi moja au mbili na masizi yakaungua.

Ikikwaruza, hapo fungua. Tafuta elenki nzuri ambazo pembe zake hazijalika, kwa sababu bolti hizi ni ndogo na vichwa vyake huharibika kirahisi. Bolti ikigoma, ipashe moto kwanza. Chukua trei ya mayai, na kila kitu kinachotoka kiwe na shimo lake kwa mpangilio kilivyotoka: kabureta, bomba la kuingizia, ekzosi, roka, pushirodi (vijiti vinavyosukuma roka), mabomba ya pushirodi na oringi zake za mpira, kifuniko cha kamshafti, kamshafti, tapeti, kifuniko cha nyuma, kichwa, silinda, pistoni na konrodi (mkono unaoiunganisha na krankishafti), na mwisho krankishafti. Pushirodi na tapeti ya kuingizia zirudi upande wa kuingizia, na za ekzosi upande wake, kwa kuwa zimeshazoeana na sehemu zake. Weka alama ya kalamu ya wino mzito kwenye pistoni kuonyesha upande wa mbele. Usiitoe ringi kama hujakusudia kuibadilisha. Usiguse ukuta wa silinda kwa msasa wala kwa sufi ya chuma.

Kamshafti ndiyo sehemu ya kuwa makini kuliko zote. Kabla ya kuitoa, peleka pistoni juu kabisa, kisha tafuta kidoti kwenye gia yake. Piga picha kwa simu ikionyesha kidoti kinaelekea wapi, na usipokiona, weka alama yako mwenyewe. Ukirudisha gia ikiwa imeruka jino moja, injini itawaka kwa shida, itakosa nguvu, na utahangaika na kabureta wiki nzima wakati kabureta haina kosa lolote.

Kwa uchafu wa kahawia, dawa ni kulanti ya rejeta, ile ya ethilini glikoli isiyochanganywa na maji. Soma chupa: nyingi zinazouzwa madukani ni maji yaliyotiwa rangi, na hizo hazifanyi kazi hii. Tumia sufuria kuukuu ambayo haitarudi jikoni kamwe, na fanya kazi nje ya nyumba. Vua kwanza kila mpira, oringi, plastiki, kabureta nzima na kitu chochote chenye rangi. Funika vipande kwa kulanti, weka moto mdogo, nyuzi 90 hadi 100 za Selsiasi, isifike kuchemka. Saa 3 hadi 4 zinatosha kwa uchafu wa kawaida, na ule sugu unaweza kuchukua usiku mzima. Vanishi inalainika na kutoka kwa mswaki. Suuza kwa maji ya moto, kisha kwa spiriti ili kuondoa maji yaliyobaki, kausha, na palepale paka mafuta kila chuma. Ukichelewa hata nusu saa, kutu mpya itaanza. Kulanti ni sumu, na ladha yake ni tamu, kwa hiyo watoto, mbwa na kuku wasikaribie sufuria hiyo, na mabaki yasimwagwe uani.

Kabureta yenyewe inahitaji spiriti na mswaki laini tu. Toa sindano ya fueli, ile skrubu inayopima fueli, ukiwa umehesabu mizunguko yake tangu ulipoifunga kabisa, andika namba hiyo, na pulizia njia zake kwa bomba la sindano. Usipitishe waya kwenye tundu la fueli. Tundu likipanuka hata kidogo, hutaipata tena sauti nzuri ya injini hiyo.

Beringi zilizokwaruza hazisafishiki, zinabadilishwa. Namba imeandikwa pembeni ya beringi yenyewe, na duka lolote la beringi mjini, hata lile linalohudumia mashine za kusaga, linaweza kukutafutia kwa namba hiyo. Ukipata yenye alama ya C3 ichukue, maana ina nafasi kidogo zaidi ndani na inavumilia joto. Ya nyuma iwe wazi pande zote, isiwe na kifuniko cha mpira, ili mafuta yapenye. Kuzitoa: weka krankikesi tupu kwenye oveni, nyuzi 150, dakika 15. Ishike kwa glovu nene na igonge uso wake wa nyuma juu ya ubao mkavu; beringi ya nyuma itadondoka yenyewe, kwa sababu alumini inatanuka kuliko chuma. Ya mbele isukume kutoka ndani kwa kijiti cha mbao. Usipige kwa nyundo na tindo, utakwangua kiti chake. Beringi mpya zilale kwenye friza usiku, krankikesi ipashwe tena, na zitaingia kwa kidole. Hakikisha zimekaa hadi mwisho wa kiti kabla alumini haijapoa.

Unaporudisha, kila kitu kiwe na mafuta. Bolti za kichwa zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa nguvu ya vidole kwenye mkono mfupi wa elenki. Kisha zungusha krankishafti mizunguko miwili kamili kwa mkono, kwa sababu kamshafti huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankishafti. Mzunguko mmoja tu hautoshi kukuonyesha kama kuna kitu kinagonga.

Sasa nafasi ya valvu, kazi ambayo mafundi wa magari wanaiita kufunga tapeti. Injini iwe baridi kabisa. Zungusha hadi pistoni iwe juu kwenye pigo la kubana, yaani valvu zote mbili zimefungwa na roka zote zinacheza. Nafasi kati ya roka na mguu wa valvu iwe kati ya milimita 0.04 na 0.10. Fila geji ya 0.04 ipite, ya 0.10 isipite. Kama huna geji ya pili, karatasi ya kawaida ya ofisi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1: ikipita, nafasi imezidi. Injini ikipata moto, silinda ya alumini inarefuka kuliko pushirodi za chuma, hivyo nafasi inaongezeka yenyewe. Kwa hiyo usiogope kuiweka ndogo ikiwa baridi, ila isifike sifuri, maana valvu isiyofunga inapoteza kompresheni na kuungua ukingo. Ikizidi utasikia kelele za kugonga juu ya kichwa na nguvu itapungua. Pima tena baada ya saa ya kwanza ya kazi, kisha mwanzoni mwa kila msimu.

Yote haya hutayafanya tena kwa miaka mingi kama utashika utaratibu wa baada ya kuruka. Mwishoni mwa siku, ndege ikiwa bado uwanjani, usiizime injini kwa kufunga throtoli, ule mlango wa hewa wa kabureta. Iache kwenye mwendo wa chini, bana mpira wa fueli na uiache imalize iliyobaki mpaka ijizime. Washa hita plagi tena ujaribu kuistua bila fueli, na rudia hadi isitoe hata mlipuko mmoja. Methanoli iliyobaki ndani inavuta unyevu kutoka hewani, ndiyo maana lazima iishe. Funga throtoli, futa vumbi kuzunguka plagi, kisha tia nusu mililita ya mafuta kwenye tundu la plagi na mililita 1 hadi 2 kwenye kichuchu cha pumzi. Funika tundu la plagi kwa kitambaa, maana yataruka. Zungusha propela mara 20 au 30, ukiinua pua ya ndege na kuishusha, ili beringi ya mbele nayo ipate. Tone moja moja kwenye kila roka mara moja kwa mwezi linatosha. Dawa za kupuliza za makopo hazitoshi kwa kazi hii, nyingi hukauka na kuacha utando mwembamba mno.

Siku ya kuruka tena, zungusha kwanza kwa mkono plagi ikiwa nje. Mafuta yaliyojikusanya juu ya pistoni hayabaniki, na ukiweka stata ya umeme juu yake konrodi itapinda.

Kichuchu cha pumzi kiwe na mpira unaotoka nje ya ndege, usiozibwa wala kubanwa. Kikiziba, shinikizo hupanda ndani na mafuta hutafuta njia kupitia beringi ya mbele. Kama siku moja utapata injini ya kampuni nyingine, YS, hesabu hii inabadilika: hiyo hutumia krankikesi kusukuma hewa, haina kichuchu hiki, na ina pampu na regyuleta zake.

Kuhusu Dodoma yenyewe. Kabureta za injini hizi hazina chujio la hewa, na vumbi letu jekundu likichanganyika na mafuta ya nyonyo linakuwa msasa wa majimaji unaosaga ringi na valvu. Usiwashe injini ukiwa umeiweka juu ya udongo mtupu. Tandika turubai lenye upana wa mita mbili mbele na nyuma ya propela, au washia mahali penye nyasi, na ndege ipaae kuelekea upepo ili vumbi lake libaki nyuma. Miezi ya Juni hadi Oktoba, pepo zinapokuwa kali, ziba mdomo wa kabureta na ekzosi kwa kitambaa safi kila ndege inaposafiri kwenye gari, na andika kwenye propela kwamba kuna kitambaa. Weka chujio la fueli mahali pawili, kwenye pampu ya kujazia na kati ya tangi na kabureta.

Mji wetu uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Injini iliyorekebishwa pwani itakuwa na mchanganyiko mzito huku, itatoa moshi mwingi na kuchafuka haraka. Funga sindano ya fueli kidogo, hatua moja moja kwa kusikia mlio wake, throtoli ikiwa wazi yote, hadi ufikie kasi ya juu kabisa, kisha ifungue tena hadi kasi ishuke kwa mizunguko 200 hadi 300 kwa dakika. Usiiache kwenye kilele. Mchanganyiko mwepesi mno unafanya mlipuko uje mapema, injini inapiga kinyume, na nati ya propela inafunguka. Propela inaruka mbele yake, kwa hiyo tumia nati mbili, ya pili ikifunga ya kwanza, na simama nyuma ya injini unapogusa sindano. Ukiipeleka ndege Dar, fungua sindano kabla ya kuwasha, si baada ya kuikausha mafuta.

Fueli iwe na mafuta ya kulainisha asilimia 15 hadi 20. Mchanganyiko wa mafuta ya sintetiki na nyonyo kidogo ndio unaofaa zaidi: sintetiki haiachi vanishi, na nyonyo hulinda injini inapopata moto kupita kiasi. Usijaribu kuongeza oili ya pikipiki kwenye fueli. Haichanganyiki na methanoli, itatuama chini ya tangi na injini itapata methanoli tupu. Galoni ifungwe wakati wote. Methanoli ikinywewa inapofusha na kuua, na ikiwaka juani moto wake hauonekani, hivyo uwe na ndoo ya maji karibu. Maji yanaizima kwa sababu yanachanganyika nayo.

Kwa hita plagi tumia aina ya F ya O.S. au nyingine iliyoandikwa kuwa ni ya mipigo minne, na iwashe kwa volti 1.2 hadi 1.5. Betri ya simu itaikata waya papo hapo. Mvua zikianza Desemba na ukaamua kupumzika hadi Aprili, tia mafuta kama nilivyoeleza, funga injini kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta bila kuiviringisha nailoni inayofungia unyevu, na kila mwezi izungushe propela mara kumi plagi ikiwa mahali pake, kisha iache pale pistoni inapoanza kubana, ili valvu zote mbili zilale zikiwa zimefungwa.